Mzigo unavuka, mume anabaki: ndoa za mpakani na sheria zake

Tangu Serikali ya Tanzania ilipotoa amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mazungumzo hapa Kigwena yamekuwa ya maduka ya rejareja, huduma za kutuma pesa kwa simu, saluni na mazao yanayonunuliwa shambani. Si ajabu, kwa kuwa watu wengi wa mwambao huu wanakula kwa kazi hizo. Lakini upo upande mmoja wa jambo hili ambao sijausikia ukijadiliwa, nao ni wa ndoa.

Amri ile inasema asiye raia atakayekutwa akifanya biashara zilizokatazwa atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Sasa fikiria, ndugu msomaji, mwanamke wa Kigoma mwenye leseni ya duka kwa jina lake, na anayesimama dukani kila siku ni mumewe kutoka Rumonge. Huyo mume ni nani mbele ya sheria? Na mke naye ni mwenye duka, au ni raia aliyemsaidia mgeni?

Nyumba za namna hii si chache kwetu. Mwaka 1972 wazazi wetu walikimbilia Tanzania, wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baada ya 1993 wengine wakaingia kambi za Kigoma, na mwaka 2015 maelfu wakajazana ufukweni Kagunga wakingoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Watu hawakai ukimbizini miaka 10 au 40 bila kuoa na kuolewa. Mimi nilizaliwa Mishamo, nikasoma huko msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, nikahunguka mwaka 2009, na sasa nafundisha watoto wa waliohunguka na wa waliobaki. Dada yangu hakurudi. Yeye ni mmoja wa watu 162,156 ambao Tanzania iliwakubalia uraia mwaka 2010 na kuanza kuwagawia vyeti mwaka 2014. Tumbo moja, nchi mbili.

Mume wa dada yangu alihunguka mwaka huohuo niliohunguka mimi, akiwa bado kijana, kufuata shamba la michikichi la marehemu baba yake. Mwaka 2012 alirudi Mishamo kuoa. Mahari ilitolewa, wazee wa pande zote mbili wakaketi, watu wakala. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hiyo ni ndoa, kwa kuwa sheria ile inatambua ndoa ya kimila, ya dini na ya serikali. Hata waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana kama mume na mke wanaweza kudhaniwa kuwa ni wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini akivuka Mugina kuingia Burundi, ndoa ile inabaki upande wa Manyovu. Sheria ya Watu na Familia ya Burundi ya mwaka 1993 inajua ndoa moja tu, ile inayofungwa mbele ya ofisa wa vizazi na ndoa wa komine. Karangamuntu yake inaandika kuwa shemeji ni mseja. Mseja mwenye watoto watatu.

Wasomaji watakumbuka mwaka 2017, pale serikali yetu ilipowataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wawe wameifunga kabla ya tarehe 31 Desemba. Watu walipanga foleni kwenye makomine, wengine wakiwa na wajukuu. Shemeji naye alikwenda. Ofisi aliyofikia, ambayo sitaitaja, ilimtaka alete hati kutoka Tanzania inayosema kwamba mkewe hajaolewa. Upande wa pili wakamwuliza mkewe: utaombaje hati ya kutoolewa na hali umeolewa, na sisi tunakutambua hivyo? Kila ofisi ilisema kweli kwa sheria yake. Mwaka ukaisha, na ndoa haikuandikwa.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu tuliohunguka watazame. Ugumu wa kumfuata mwenzi ng'ambo ya mpaka hauanzii kwenye viza. Unaanzia kwenye karatasi ya ndoa, na karatasi hiyo ikiwapo, swali linalofuata ni hili: anayehama ni mume au mke?

Akihama mke, njia ipo, ingawa ina miiba. Sheria ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 inampa mwanamke wa kigeni uraia kwa kuolewa na Mrundi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 nayo inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania aombe uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Lakini akihama mume, sheria zote mbili zinanyamaza. Mrundi aliyeoa Mtanzania anabaki mgeni kama mgeni mwingine. Akitaka uraia ataomba tajnisi ya kawaida: awe amekaa Tanzania miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi. Ajue pia Kiswahili au Kiingereza, na kwa sharti hilo moja sisi tulishafaulu zamani! Mtanzania aliyeoa Mrundi akahamia Rumonge naye hapati uraia wa mkewe kwa kuoa tu. Waliotunga sheria hizi walimwona mwanamke kama mtu wa kumfuata mumewe, kama mkoba. Mwanamume anayemfuata mkewe hawakumfikiria.

Darasani ninaona matunda yake. Mtoto wa mama Mrundi na baba Mtanzania amezaliwa hapa, anazungumza Kirundi kuliko mimi, lakini hapokei uraia wa mama yake, isipokuwa katika hali chache kama pale baba asipojulikana. Wapo akina mama wanaoona ni heri kusema baba hajulikani. Siwalaumu, ila wajue kwamba siku baba atakapotaka kumpa mtoto jina, urithi au hati ya Tanzania, maneno hayo yatawarudia. Kwa sheria ya Tanzania mtoto aliyezaliwa nje anaweza kuwa raia kupitia mzazi wake, kwa hiyo ni bora kwenda ubalozi wa Tanzania mjini Bujumbura mapema na cheti cha kuzaliwa kuliko kungoja mtoto afikie umri wa karangamuntu ndipo mbio zianze.

Wengi hujibu kwamba siku hizi sote ni Afrika Mashariki. Burundi iliingia Jumuiya mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu tarehe 1 Julai 2010. Ni kweli, na mfanyabiashara amefaidika: raia wa nchi mwanachama anaingia bila viza na anaweza kupewa pasi ya hadi miezi sita. Lakini isomwe vizuri. Itifaki inamtambua mfanyakazi na aliyejiajiri kwa kibali, na mwenzi wake anapita nyuma ya kibali hicho. Kuwa mume wa raia wa nchi jirani peke yake si sababu ndani ya Itifaki, na mambo ya ukaazi wa kudumu na ardhi yameachwa kwa sheria za kila nchi. Ndiyo maana shemeji na wenzake wanaishi ndoa ya mihuri. Anaingia Manyovu kama mgeni wa matembezi, anakaa na mkewe, siku zinakaribia kwisha, anatoka, anagonga, anarudi. Ofisa akiwa na moyo mwema, anapita. Asipokuwa nao, anaulizwa anafanya nini Tanzania kila mara, na jibu la kweli, kwamba anaishi na mkewe, ndilo linaloweza kumponza, kwa kuwa pasi ile si ya kuishi.

Tusidhani haya ni ya kinadharia. Septemba 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya Warundi, Wanyarwanda na Waganda waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo walioacha wake, waume na watoto. Waliovuka kuja kwetu walikuwa na nguo na masufuria. Vyeti vya ndoa havikuwapo, kwa sababu wengi hawakuwahi kuwa navyo.

Wengine wanatazama mbali zaidi, kwa ndugu wa mwaka 1972 waliochukuliwa Marekani kuanzia 2007. Huko nako mlango umebana: Juni 2025 Rais Trump aliiweka Burundi katika orodha ya nchi zenye vizuizi vya viza. Amri ile ya kwanza iliwaachia nafasi waume, wake na watoto wa raia wa Marekani. Ya Desemba 2025 iliiondoa nafasi hiyo kuanzia Januari 2026. Marekani hatuna kura. Jumuiya tunayo.

Na mfano hauko mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu aliyekaa katika ndoa na Mkenya kwa miaka saba anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, awe mume au mke. Botswana ilisukumwa na mahakama yake ya rufani mwaka 1992, baada ya Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, kushinda kesi kwamba watoto wake wasinyimwe uraia kwa sababu tu mzazi raia ni mama. Sisi Burundi hatuhitaji hata kutafuta hoja nje: kifungu cha 12 cha Katiba ya mwaka 2005 kilisema watoto wa wanaume na wa wanawake wa Burundi wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Kilichobaki ni sheria ya 2000 kuifuata Katiba. Wabunge wetu wanaopita hapa kuomba kura waulizwe hilo, na wale walioko Arusha katika Bunge la Afrika Mashariki waulizwe kwa nini mwenzi wa ndoa hana pasi yake wakati shehena ya mawese ina fomu yake.

Hadi hapo, mwenye ndoa ya namna hii asikae bure. Aliyeolewa kimila Tanzania aiandikishe ndoa na kupata cheti kilichosajiliwa RITA kabla ya kuvuka. Kuandikisha baada ya kutengana ni kazi mara mbili. Mwenye karatasi za komine au mkoa wa zamani azitunze, maana tangu Julai 2025 mkoa wa Rumonge haupo tena, sisi ni komine ndani ya mkoa wa Burunga, na maofisa wa ng'ambo watashangaa kuona jina moja kwenye cheti na jingine kwenye pasipoti. Mwanamke Mtanzania asikubali uraia wa Burundi kabla ya kuuliza Uhamiaji wa kwao, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima kama sisi tulivyo nao. Na mwenye duka la mkewe upande wa Kigoma atafute kibali chake mwenyewe, au asikae kaunta.

Shemeji ameanza upya na cheti. Dada yangu amekwenda kuwatafuta wazee waliokuwapo siku ya mahari. Wawili kati yao wameshafariki.