Terminator ya Tatu Haifikii ya Pili
Katika vibanda vya video vya Busia na Tororo, wenzangu hushikilia kwamba Terminator ya 2003 inazishinda zilizoitangulia. Napinga. Wanachokisifia ni utani wa mtafsiri wa kibandani, si filamu yenyewe. James Cameron aliongoza ya 1984 na ya 1991. Katika hiyo ya pili, Sarah Connor anapigana akiamini kwamba vita vya nyuklia vinaweza kuzuiwa, na roboti wa aina ileile iliyomwinda zamani sasa anamlinda mwanawe. Ya tatu inatupa mbio za magari na milipuko, kisha inatuambia vita haviepukiki. Sisi vijana wa mpakani tunaambiwa kila siku kwamba hali haibadiliki. Kwa nini tulipie kiingilio kuambiwa tena?