Unda Behewa la Kwenu

Eti kuunda mabehewa madogo ya treni ni mambo ya watoto? Wacheni hizo. Mtoto gani atakesha akinyoosha ekseli moja ndio behewa lisianguke kwenye kona?

Shida yangu ni nyinyi mnaounda. Kila meza imejaa mabehewa ya Uingereza, juu seti zake zinauzwa tayari. Yetu hayauzwi, basi hayaundwi.

Piga hesabu. Reli iliyofika Kisumu 1901 ina upana wa milimita 1,000. Gawa kwa 87: ni kama 11.5, kwa hivyo reli ndogo ya milimita 12 inatosha. SGR ni 1,435, unapata 16.5. Magurudumu utanunua, sawa. Bodi ni katoni, wembe, rula na gundi.

Enda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Omba ruhusa upime behewa ambamo simba alimvuta Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka wa 1900. Usipime leo, kesho chuma kikuukuu kinauzwa kwa kilo. Ukingoja Mzungu akuuzie historia yako kwa boksi, utangoja sana.