Msituhesabie Umaskini kwa Sahani

Hii nitaisema hata mkinitusi. Kila mjadala wa umaskini ukianza hapa Nairobi, lazima mtu atoe idadi ya watoto wanaokula Dishi na County. Mmoja anasema wanaokula ni wengi, kwa hivyo umaskini umezidi. Mwingine anasema wanakula, kwa hivyo njaa imeisha. Wote mnatupima na kipimo kibovu.

Na msinielewe vibaya, huo mpango naupenda. Tangu 2023 mtoto wa shule ya msingi ya umma analipiwa shilingi 5 tu, anagusisha bangili, anapewa chakula moto. Mtoto wa landilodi wa Buruburu na mtoto wa mama anayefulia watu nguo Umoja wako laini moja, na hakuna anayejua nani hana. Hiyo ndiyo raha yake. Lakini kama wote wanalipa 5, sahani itakuambiaje nani maskini? Marekani yamewapata haya haya. Miaka mingi walipima umaskini wa wanafunzi kwa fomu za chakula cha bure. Sheria ya 2010 ikaruhusu shule za maeneo maskini kulisha wote bila fomu, na kile kipimo kikaharibika.

Lakini hiyo bado ni shida ndogo. Mimi nimesoma shule ya mabati Kayole, zile za APBET, juu ya umma ilikuwa mbali na imejaa. Saa saba tulikuwa tunakunywa maji ya mtungi, tunarudi darasani. Nilizoea kusema "nimeshiba" kabla mtu hajaniuliza. Shule kama hiyo bado ziko Soweto, Dandora, Korogocho, Mathare, na mpango umejengwa kwa shule za umma na chekechea za kaunti. Yaani yule hana kabisa hayuko kwa laini. Hana bangili. Kwa hesabu yenu hajazaliwa, halafu mnataka kupanga bajeti na hiyo namba!

Mkitaka kujua njaa ya Eastlands, ingieni hizo shule saa saba mchana, siku ya kawaida, bila kamera. Hesabuni mikebe ya chakula. Darasani kwetu tulikuwa 40 na kitu. Mikebe nilikuwa naihesabu mwenyewe, kwa macho tu, nikijifanya nasoma. Siku poa sana, 9.