Ujuzi wa Fundi Hauna Mpaka

Watu wengi huyatazama mashindano ya magari kuwa ni anasa ya matajiri: mafuta yanayoteketezwa, matairi yanayomalizwa na makelele yanayoumiza masikio, na mwisho wake ni kikombe kimoja tu cha ushindi. Fikira hiyo haikosi ukweli. Lakini aishiaye hapo huliona gari asimwone fundi aliyeliunda. Leo tunapenda kumzungumza fundi huyo, kwani katika nchi ya Uingereza ujuzi wake umetoka katika uwanja wa mbio ukaingia katika ulinzi wa taifa na katika uundaji wa vyombo vya angani. Jambo hilo lina mafunzo kwetu watu wa visiwani, na zaidi kwa wale waliokabidhiwa dhamana ya kupanga mambo yetu.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba deni la mwanzo lilikuwa la magari kwa eropleni. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa taasisi ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa eropleni, huko Farnborough, walivumbua njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa na uzito mdogo. Kampuni ya Rolls-Royce ikazitumia nyuzi hizo kuundia mapanga ya injini yake mpya, RB211. Yalipojaribiwa kwa kurushiwa kuku, ili ijulikane yatakuwaje yakigongwa na ndege angani, mapanga hayo yalivunjika. Gharama za injini hiyo zikaielemea kampuni, na Februari 1971 ikafilisika, serikali ikalazimika kuitwaa.

Hata hivyo ujuzi haukuzikwa pamoja na hasara ile. Mwaka 1981 mhandisi John Barnard wa timu ya McLaren alileta uwanjani gari la mbio ambalo kiunzi chake kilifanywa kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini. Kwa kuwa hapakuwa na karakana ya magari iliyoiweza kazi hiyo, ilifanywa na kampuni ya Hercules ya Utah, Marekani, iliyokuwa ikishughulika na injini za roketi. Wako waliodhani kitu hicho kitapasuka kama kigae. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Monza, Italia, gari hilo likiendeshwa na John Watson liligonga ukuta, injini ikang'oka na kubaki nyuma. Naye dereva akatoka akitembea kwa miguu yake. Tangu siku hiyo wenye shaka walipungua.

Baadaye ikawa zamu ya magari kulipa deni. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliwafanya Honda kujitoa katika mashindano ya Formula One mwaka huo, na BMW na Toyota wakafuata mwaka 2009. Karakana nyingi za Northamptonshire, Oxfordshire na mikoa ya jirani zilitambua kwamba kutegemea mchezo peke yake ni kutegemea mvua ya vuli. Wakati huo huo jeshi la Uingereza lilikuwa katika vita vya Afghanistan, na askari wake waliokuwa wakisafiri katika magari mepesi walikuwa wakiuawa na mabomu yaliyotegwa barabarani. Palihitajika upesi gari dogo la kuweza kupita vichochoroni, lakini lenye kinga ambayo hapo zamani ilipatikana katika magari mazito tu.

Jibu lilikuwa gari la deraya liitwalo Foxhound. Katika kuliunda, kampuni ya Force Protection Europe ilishirikiana na wahandisi wa Ricardo, na miongoni mwa waliohusika walikuwamo watu waliopata ujuzi wao katika Formula One na katika mashindano mengine ya magari. Tumbo la gari hilo lina umbo la herufi V ili mlipuko usambae pembeni, na askari huketi ndani ya chumba kilichoundwa kwa mata nyepesi zilizochanganywa, kwa wazo lile lile lililomwokoa Watson. Injini yake huweza kutolewa na kuwekwa nyingine kwa muda wa nusu saa. Mwezi Novemba 2010 serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba wa magari 200 kwa pauni milioni 180, na mwaka 2012 yalikuwa yamekwisha fika Afghanistan.

Sasa tujiulize: ni kitu gani hasa kilichohama kutoka uwanja wa mbio? Si gari, wala si injini. Kilichohama ni desturi ya kazi. Fundi wa mbio hupewa tarehe isiyosogezwa, kwani mashindano hayamngojei mtu. Hupima kila gramu. Hufunga vyombo vya kupimia katika gari zima, akasoma hali ya joto, mtikisiko na shinikizo wakati gari lingali linakwenda, ili augundue ubovu kabla haujaleta maafa. Tena huunda vitu vichache, akavijaribu, akavivunja na kuviunda upya, bila ya kuona haya kwamba cha kwanza kilikuwa na kasoro. Jeshi na watengenezaji wa eropleni, waliozoea kungoja miaka mingi, waliiona faida ya desturi hiyo.

Lakini tusishabikie jambo bila ya kulipima. Kifaa cha gari la mbio huenda kikatakiwa kiishi kwa saa chache tu. Kifaa cha eropleni hutakiwa kidumu miaka mingi, na kila skurubu yake iwe na hati. Haraka isiyo na ukaguzi angani ni mauti. Aidha, wapo watakaosema kwamba ni fedheha kwa ujuzi wa mchezo kuishia katika vita. Sisi twaona kwamba gari la kumlinda abiria asife si sawa na silaha ya kuulia. Hata hivyo swali hilo ni la haki, na kila taifa halina budi kulijibu kwa uwazi.

Na jibu jema lilionekana mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea. Wahandisi wa injini za Mercedes huko Brixworth, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha UCL cha London, waliunda kifaa cha kumsaidia mgonjwa kupumua. Tangu mkutano wa kwanza hadi kifaa cha kwanza hazikupita saa 100. Vifaa 10,000 vilitengenezwa, na michoro yake ikatolewa bure kwa mataifa mengine. Aidha, timu ya Mercedes ilishiriki kuunda mashua ya Waingereza katika mashindano ya Kombe la Amerika ya mwaka 2024 huko Barcelona. Hapo ujuzi wa barabarani ulishuka baharini, mahali ambapo sisi tuna maslahi.

Visiwa vyetu havihitaji viwanja vya Formula One. Vinahitaji boti madhubuti, injini zisizozimika katikati ya mkondo, na watu wa kugundua ubovu kabla ya safari na si baada ya msiba. Msiba wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 haujasahaulika katika nyumba zetu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mafundi wa vikosi vyetu, walimu na wanafunzi wa Taasisi ya Karume, na mafundi wa boti wa bandarini wapewe nafasi ya kukutana, kubadilishana kazi na kufundishana. Mkataba wowote wa ununuzi wa chombo kutoka ng'ambo uwe na sharti la kuwafunza vijana wetu kukifungua na kukifunga. Na fundi asiye na cheti lakini mwenye mkono wa ujuzi apimwe kwa kazi yake, kisha apewe cheti.

Waingereza hawakupata faida hii kwa sababu ya utajiri wa mchezo wao. Waliipata kwa sababu mlango baina ya karakana moja na nyingine uliachwa wazi. Mlango huo hauhitaji fedha nyingi kuufungua. Wahitaji uamuzi wa wenye ufunguo.