Sala ya Mtu Aliyekata Tamaa



Ndugu wapendwa, mara nyingi waamini huniambia: "Padre, nina hofu kubwa mno, siwezi tena kusali." Wanadhani kwamba yatupasa kutulia kwanza, ndipo tusali. Mimi naona kinyume chake: hofu yenyewe, ikielekezwa kwa Mungu, ni sala.

Tumtazame Nabii Eliya (1 Fal 19). Baada ya ushindi mkubwa mlimani Karmeli, anakimbia tishio la malkia Yezebeli. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtwae roho. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika, tena mara mbili. Kwa nguvu ya chakula hicho Eliya alitembea siku 40 hadi Horebu. Huko Mungu hakumwambia kwamba Yezebeli amekufa. Alimpa kazi mpya, na Elisha wa kumfuata.

Siku hizi wako wanaotuahidi amani ya haraka: nunua mafuta haya, kunywa maji yale, na hofu itaondoka leo hii. Isipoondoka, mgonjwa au mfiwa huambiwa kwamba imani yake ni haba. Huko ni kumwongezea aliyelemewa mzigo mwingine. Bwana wetu mwenyewe aliomba mara tatu kule Gethsemane, na kikombe hakikuondolewa. Lakini aliinuka, akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Hiyo ndiyo amani itokanayo na sala: si kukosa hofu, bali kupata nguvu ya kuinuka.

Mama Kanisa analijua hilo. Katika sala ya kabla ya kulala, kila Ijumaa, anatuwekea midomoni Zaburi ya 88, ambayo humalizika gizani bila neno la faraja. Hata hivyo imeelekezwa kwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi, ndugu uliyevunjika moyo, mweleze Mungu ukweli wako, hata kwa neno moja. Kula, ulale, wala usiiache Jumuiya yako. Nasi tulio na nguvu leo tumpelekee jirani mkate na maji, kabla ya mahubiri.

Amani ya Kristo ikae nanyi nyote.