Wakubwa, jua nalo ni msiba

Sisi watu wa Kalundu, hapa Uvira, tumechoka kuambiwa tushukuru kwa kuwa mwaka umepita bila mafuriko. Maji yakituingilia nyumbani, wakubwa wa Leta wanakuja. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukaua watu kwa makumi na kubomoa nyumba Uvira mjini, tuliletewa mahema na ahadi. Lakini jua likiunguza mashamba, kutoka Kigongo mpaka Sange, nani anakuja hata kutupa pole?

Njoni basi muone. Sezoni A tunapanda pale mvua ya Septemba au Oktoba inaposhika. Siku hizi inanyesha juma moja, mbegu zinachipua, kisha mbingu inafunga. Mbegu zenyewe ni za mkopo. Tunapanda tena, deni juu ya deni. Mahindi yaliyopona yanafikia kutoa maua, na hapo ndipo joto la tambarare ya Ruzizi linapoyakamata. Saa nne asubuhi majani yameshajikunja. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu vya majani yake ili unyevu usitoke, ila kwa vitundu hivyohivyo ndivyo unavyovuta hewa ya kujitengenezea chakula. Unajiokoa na kiu, unadumaa kwa njaa. Joto likizidi nyuzi 35 siku nyingi mfululizo, chavua inakufa kabla haijafika kwenye nywele za gunzi. Menya gunzi hilo: punje hapa, punje pale, mapengo matupu kama kinywa cha bibi kizee. Hayo ndiyo mavuno ya kulipia deni.

Tunaambiwa: pandeni muhogo, ndio unaovumilia. Tunapanda. Muhogo unavumilia kwa kupukutisha majani, unakaa kungoja mvua. Na sisi mboga yetu ni sombe, majani hayohayo ya muhogo! Mama anazunguka shamba zima anarudi na kifungu kimoja cha majani makavu, asubuhi inayofuata anakwenda kununua sokoni kile alichokipanda mwenyewe. Lenga-lenga za bustani za kando ya ziwa zinatoa mbegu zikiwa bado fupi, hazijajaza hata sufuria moja.

Msidhani huko juu kuna nafuu. Milima ya Mitumba hukinga mawingu, ndiyo maana tambarare hupata mvua kidogo kuliko Bukavu. Lakini ndugu zetu wa miteremko nao wanalia: usiku ukiwa na joto, maharage huangusha maua, na kiangazi kikirefuka nyasi za ng'ombe zinakauka. Ng'ombe wanahamishwa, wanapita kwenye mashamba ya watu, na ugomvi unaanza. Ziwa lenyewe halijapona. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na vimea vidogo vinavyolisha samaki vimepungua. Mvuvi anayerudi Kalundu na ndagala kidogo na mkulima mwenye gunzi la mapengo wanapigwa na joto moja.

Linalotuuma zaidi ni hili: tunakauka tukitazama maji. Ziwa Tanganyika lina karibu sehemu ya sita ya maji yote yasiyo na chumvi na yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi ya dunia, na bado wake zetu wanamwagilia kwa bidoni kichwani. Penye miti hakuna wajenzi. Mito inashuka kutoka milimani, inapita kando ya mashamba yetu, inaingia ziwani bila kunywesha hata bua moja, kwa kukosa mifereji au kwa kuwa ile iliyokuwepo imejaa mchanga na hakuna anayeizibua. Mlima uliokatwa miti kwa ajili ya makala unatupiga mara mbili: mvua ikija hauishiki, unatumwagia yote, mvua ikiondoka hauna akiba ya kututumia katika vijito. Kwa hiyo mafuriko ya Aprili na ukame wa Oktoba vinatoka mteremko mmoja. Kwa nini basi kimoja kinaitwa janga, kingine kinaitwa uvivu wa wakulima?

Msimu mmoja tuligawiwa mbegu za msaada wakati mahindi ya jirani yalikuwa yamefika magotini. Tulipigwa picha tukiwa tumezishika. Nyingi zililiwa, maana siku za kupanda zilikuwa zimepita. Mwaka kama huo unga tunangojea kutoka kwenye mashua bandarini, na bei anapanga mwenye mzigo.

Hatuombi mvua kwa wakubwa. Hiyo si yao kutoa. Tunadai walicho nacho mkononi. Mifereji izibuliwe na mingine ichimbwe. Miteremko ipandwe miti, na wanaoishi kwa makala watafutiwe kazi nyingine. Mvua ipimwe kila kartye, na redio zitutangazie kwa Kiswahili lini tupande. Shamba lililokauka liandikwe katika hesabu za maafa kama nyumba iliyobomoka. Na msingoje maji yatuue ndipo mje: njoni Agosti, kabla jembe halijagusa udongo, mkiwa na mbegu na mafundi wa mifereji.