Wauza pikipiki wasitutupe wakishatuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya uaminifu kati ya wauzaji na wanunuzi wa pikipiki hapa Songea.

Kila baada ya mauzo ya mahindi, wakulima wengi wa vijiji vyetu huenda mjini na fedha za mavuno kununua pikipiki. Kwetu chombo hiki si anasa. Hubeba mbolea kwenda shambani na mama mjamzito kwenda zahanati. Tena, tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2010 za leseni za pikipiki za abiria, kimekuwa ajira ya vijana wengi.

Pikipiki nyingi za huku hutoka India na China. Wapo wanaodhani kwamba mwananchi hung'ang'ania aina moja kwa sababu ya matangazo. Mimi naona sivyo. Kijiji kizima hununua aina moja kwa kuwa fundi wa pale anaijua na spea zake zinapatikana. Songea iko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam. Spea ikikosekana mjini, pikipiki hulala ikingoja mzigo wa basi. Kijana aliyechukua bodaboda kwa mkataba huumia zaidi, maana marejesho ya kila wiki hayangoji spea.

Hapo ndipo baadhi ya wauzaji wanapowapoteza wateja. Kabla ya kulipa, mkulima huitwa bosi na kupewa kiti. Akirudi na tatizo huambiwa kwamba garantii haihusu kifaa kile, na karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Jirani yangu alizungushwa miezi minne kabla ya kupewa kadi ya pikipiki yake. Msimu uliofuata, ndugu zake watatu walinunua duka jingine.

Nao wauzaji wana malalamiko ya haki. Wapo wanunuzi wasiopeleka pikipiki kwenye sevisi ya kwanza, wakaipakia magunia kupita kiasi, halafu wakadai watengenezewe bure. Wengine hununua spea feki kwa kuwa ni rahisi, injini ikifa wakamlaumu aliyewauzia.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, nayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inapiga vita bidhaa bandia. Lakini mkulima wa kijijini hajui aanzie wapi kulalamika. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, garantii iandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya mnunuzi, pamoja na masharti yanayomhusu yeye. Pili, siku ya kukabidhi kadi iandikwe na kutiwa sahihi. Tatu, maofisa biashara wa halmashauri wafike kwenye mikutano ya vijiji kabla ya msimu wa mauzo, wawaeleze wananchi haki zao na umuhimu wa kudai risiti.

Muuzaji atakayefanya hivyo hatahitaji kipaza sauti sokoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea Vijijini, Ruvuma.